Sura ya Sita: Kiuno Unacho, Lifundishe Bega

Mtu wa Beni au Butembo anayetaka kujifunza dansi ya tumbo huja na hofu moja: kiuno changu kitatii? Hofu hiyo haina msingi. Kiuno chake kimekuwa shuleni tangu alipobebwa mgongoni. Kimefundishwa na arusi, na korali, na bafle ya jirani inayopiga seben Jumamosi nzima. Kazi ngumu inamngoja juu ya kiuno, kwenye mabega, shingo na mikono, kwa sababu hivyo vimezoea kuingia mchezoni kila kiuno kinapoitwa. Dansi ya Kimisri inadai jambo ambalo sherehe zetu hazilidai mara nyingi: kiungo kimoja kifanye kazi, vingine vyote vikae kimya.

Sura hii ni ya anayeanza. Haikuulizi umri, umbo wala kama wewe ni mwanamke au mwanamume. Inataka magoti yasiyouma, sakafu isiyoteleza na subira. Hoja yake ni moja, na mazoezi yote yaliyomo yanatokana nayo: usipoteze miezi ukitafuta kiuno ambacho tayari unacho. Tumia miezi hiyo kulifundisha bega kunyamaza.

Unachokuja nacho

Tuanze kanisani, maana huko ndiko watu wengi wa Kivu Kaskazini walikocheza mbele za watu kwa mara ya kwanza. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire, na ndani yake mwili ulipewa nafasi rasmi: padre na wahudumu huizunguka altare kwa hatua za dansi wakati wa Utukufu, na matoleo hupelekwa kwa wimbo na mwendo. Mtoto anayekulia katika parokia ya jimbo la Butembo-Beni huona mambo haya kila Jumapili, na akijiunga na wanaocheza mbele ya altare hufanyishwa mazoezi mpaka hatua yake ilingane na ya wenzake.

Tazama matoleo kwa makini Jumapili ijayo. Mama ana kapu la ndizi kichwani. Miguu inakwenda kwa hatua fupi, kulia, kushoto, nyonga zinahama pamoja na uzito, lakini kapu halitikisiki. Kati ya nyonga na kapu kuna mgongo unaopokea kila mtikiso na kuumaliza kabla haujafika shingoni. Walimu wa dansi ya tumbo hutumia wiki nyingi kufundisha jambo hilo hilo. Tena Misri nako iko dansi ya arusi ambayo mchezaji wake hubeba kichwani kinara kizima cha mishumaa inayowaka, shamadan, huku nyonga zikiendelea na kazi yake. Mama wa matoleo na mchezaji wa shamadan wangekutana, wangeelewana bila mkalimani.

Halafu kuna muziki wa Kinshasa. Rumba, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwezi Desemba 2021, huanza taratibu: maneno yanaimbwa, watu wanashikana, wanazunguka polepole. Kisha gitaa zinaingia seben, atalaku anapaza sauti, na kila mtu anajua kwamba sasa ni zamu ya kiuno. Kwassa kwassa ya miaka ya 1980 na ndombolo ya mwishoni mwa miaka ya 1990 zilijengwa juu ya zamu hiyo. Na kwetu zamu hiyo haikubagua. Mwanamume akizungusha kiuno arusini, watu hupiga makofi. Hakuna anayeuliza amepatwa na nini. Ni faida kubwa, kwa sababu katika nchi nyingi nusu ya watu huingia darasa la namna hii wakiwa na kazi ya kwanza ya kuondoa aibu.

Mwalimu mkubwa wa kiuno cha Kongo, hata hivyo, alitoka upande wa kusini. Tshala Muana alizaliwa mwaka 1958 Élisabethville, Lubumbashi ya leo, katika jamii ya Waluba wa Kasai. Kabla hajajulikana kama mwimbaji alikuwa mchezaji katika kundi la mwimbaji M'Pongo Love. Baadaye, kutoka Abidjan na Paris, aliisambaza duniani mutuashi, ngoma ya Kasai ambayo kiuno ndicho kinachoongoza. Alifariki Kinshasa mwezi Desemba 2022, na video zake bado ziko kwenye simu za watu. Ziangalie kama mwanafunzi. Magoti yamekunjwa, nyonga zinapiga pembeni kwa midundo midogo ya mfululizo, na uso umetulia kabisa. Anajua kuchagua nini kicheze na nini kikae. Somo letu lote limo katika uchaguzi huo.

Ilivyokuwa darasa

Dansi ya tumbo nayo ilianzia nyumbani. Wanawake wa Misri waliicheza na bado wanaicheza arusini na sebuleni, bila hesabu ya hatua, mama akicheza na binti akiiga. Pembeni mwao walikuwepo wachezaji wa kulipwa. Ulaya na Marekani ziliona kipande cha dansi hiyo katika maonyesho makubwa, hasa yale ya Chicago mwaka 1893, na hapo likashika jina la kutaja tumbo, ingawa kazi kubwa hufanywa na nyonga.

Mabadiliko yaliyozaa darasa unalolijua leo yalitokea Cairo. Mwaka 1926 Badia Masabni alifungua ukumbi wake wa burudani mjini humo. Jukwaa lake lilikuwa pana kuliko sebule, kwa hiyo mchezaji alilazimika kutembea, kunyoosha mikono, kugeuka, kulijaza eneo. Samia Gamal na Tahia Carioca walipitia kwake, wakaingia katika filamu za Kimisri, na filamu zikaibeba dansi hiyo kila mahali palipokuwa na sinema. Mwaka 1959 Mahmoud Reda alianzisha kundi lake, Farida Fahmy akiwa mchezaji wake mkuu. Reda alizitazama ngoma za mikoa ya Misri, akazipanga upya kwa ajili ya jukwaa, na hatua ambazo zamani zilirithiwa kwa macho zikaweza kuhesabiwa, kurudiwa na kufundishwa kwa mtu asiyejua neno la Kiarabu. Mwalimu anaposema leo, "nne kulia, nne kushoto," anatumia urithi huo wa jukwaani.

Pwani ya Waswahili ilisikia muziki wa Cairo mapema. Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, alivutiwa na muziki wa Misri na akamtuma mtu akajifunze. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa Unguja mwaka 1905 na hadi leo kinapiga taarab yenye fidla, kanuni na udi. Lakini kiuno cha pwani hakikungoja fidla. Chakacha ya Mombasa na Lamu, leso ikiwa imefungwa nyongani na ngoma za chapuo na vumi zikilia, ni ya wanawake wa huko wenyewe. Unyago, ambao Bi Kidude aliufundisha Zanzibar karibu mpaka kifo chake mwaka 2013, uliwafundisha wari kiuno pamoja na mambo ya ndoa. Uganda, ng'ambo ya mpaka wetu wa Kasindi, Waganda wana baakisimba yao, iliyokuwa ngoma ya ikulu ya Kabaka, mfalme wao: miguu inatambaa kwa hatua ndogo ndogo, na ngozi iliyofungwa kiunoni inaonyesha kila mzunguko.

Nayataja haya kwa sababu mwanafunzi wa Beni atakutana na watu wa aina mbili. Mmoja atamwambia kwamba kila kiuno kinachozunguka Afrika kilitoka kwa Waarabu. Mwingine atamwambia kwamba dansi ya Misri ni ya wageni na haimhusu. Lugha ya Kiswahili ndiyo iliyofika upande wa Ituri na Beni pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19. Kiuno kilikuwapo, kikicheza kwa lugha zake. Tunachojifunza kutoka Cairo ni utaratibu: namna ya kugawanya mwili, kuuandaa na kuufuatanisha na muziki wa aina nyingine.

Somo la kwanza: kusimama

Simama miguu ikiwa sambamba, upana wa nyonga, vidole vikitazama mbele. Legeza magoti, goti lililofungwa linafunga nyonga. Ncha ya chini ya uti wa mgongo ielekee sakafuni: usiisukume mbele, usiiachie nyuma. Vuta ndani kidogo sehemu ya tumbo iliyo chini ya kitovu, kiasi kwamba bado unaweza kuongea na kucheka. Kifua juu. Mabega nyuma na chini. Kidevu sambamba na sakafu.

Kwa wanawake wengi wa kwetu, agizo zito kuliko yote hapo ni "kifua juu". Mama anayetoka shambani Lubero na mzigo mgongoni, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso, amefundisha mwili wake kuegemea mbele ili aweze kupanda mlima. Ndombolo inamruhusu abaki hapo: magoti yamekunjwa sana, kiwiliwili kimeinama, makalio yako nyuma, uzito wote unakwenda ardhini. Ni mkao mzuri kwa ngoma yake. Dansi ya Misri hukaa juu zaidi. Magoti ni laini tu, kiwiliwili kiko wima, na nyonga zinaning'inia chini ya mbavu zilizoinuliwa. Ukiuleta mkao wa ndombolo katika mzunguko wa Kimisri, mgongo wa chini ndio utakaolipa, na asubuhi utaamka ukiushika.

Ukuta utakusaidia. Weka visigino umbali wa unyayo mmoja kutoka ukutani, kisha makalio, mgongo wa juu na kisogo viuguse ukuta. Pumua mara kadhaa. Sasa kunja magoti polepole ukishuka na kupanda, kisogo kisiachane na ukuta. Mapaja yatawaka moto. Shingo itauma siku za mwanzo, kwa sababu misuli iliyozoea kuvuta mzigo sasa inaombwa kupumzika. Fanya hivyo kabla ya kila zoezi. Butembo, ambako asubuhi huwa na baridi ya milimani, ongeza muda wa kupasha mwili joto: tembea, zungusha vifundo, inua magoti, mpaka jasho jembamba litoke.

Kushusha nyonga

Hapa ndipo darasa lenyewe linapoanza, kwa hiyo twende polepole.

Funga kikwembe nyongani, si kiunoni: chini ya kitovu, juu ya mapaja, fundo likiwa upande wa kulia. Fundo hilo ndilo kioo chako. Hamisha uzito wote kwenye mguu wa kushoto, goti lake likiwa laini. Peleka mguu wa kulia nusu hatua mbele, kisigino kikiwa juu na sehemu ya mbele ya unyayo ikigusa sakafu bila kubeba kitu. Sasa nyoosha goti la kulia kidogo. Nyonga ya kulia itapanda yenyewe, na fundo litapanda nayo. Kisha legeza goti ghafla. Nyonga itaanguka.

Neno la kushika ni "itaanguka". Anayeanza hulazimisha nyonga kwenda chini kwa nguvu, na misuli ikikaza, mwendo unakuwa mgumu na mfupi. Nguvu yote inatumika kupandisha; kushuka ni kuachia. Ukitazama fundo, utaona tofauti: likisukumwa linatetereka na kwenda pembeni, likiachiwa linashuka wima na kusimama mara moja.

Baada ya hapo bega linajitokeza. Mwili umezoea kwamba nyonga ya kulia ikishuka, bega la kulia linashuka nayo, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyocheza. Katika darasa la wanaoanza mazungumzo huwa haya:

"Yaya, bega inacheza."

"Bega gani?"

"Zote mbili."

Weka kiganja cha kushoto juu ya bega la kulia. Usilikandamize, liguse tu, ili ulisikie. Shusha nyonga mara nne. Bega likisogea chini ya kiganja, punguza ukubwa wa mwendo mpaka litulie, hata kama nyonga itabaki na mwendo wa upana wa kidole. Mwendo mdogo ulio safi ndio mwanzo. Ukubwa utakuja wenyewe misuli ya ubavuni ikipata nguvu. Kisha toa mkono, nyoosha mikono yote miwili pembeni usawa wa kifua, urudie. Mikono ikichoka ndipo bega hurudia tabia yake, kwa hiyo pumzika kabla halijarudia. Unalifundisha bega kila unaporudia, na ukirudia makosa, unalifundisha makosa.

Upande wa kushoto ufanye vivyo hivyo, na uupe muda zaidi ikiwa ndio mgumu kwako. Kila mtu ana nyonga mvivu.

Mduara, nane, mtetemo

Mduara wa nyonga Mkongomani huupata siku ya kwanza. Kinachomshinda ni kuufanya pole pole. Seben imemzoesha mduara wa haraka unaobebwa na mdundo, na mdundo ukiondolewa anaona kama sakafu imeondolewa. Jizoeze bila muziki. Nyonga mbele, kulia, nyuma, kushoto, ukihesabu hadi nane kwa mzunguko mmoja, kisha hadi kumi na sita. Mahali utakapojikuta unaruka au unakata kona, hapo ndipo misuli yako haijui njia. Rudi hapo peke yake.

Nane ni miduara miwili inayopishana. Peleka nyonga ya kulia mbele, izungushe nje na nyuma, ikifika nyuma, nyonga ya kushoto ichukue zamu. Kwa mtazamaji aliye juu ya paa, nyonga zako zimeandika tarakimu 8 sakafuni. Kuna pia nane ya wima, inayopanda na kushuka ubavuni, na hiyo iache mpaka kushusha nyonga kuwe kumeingia damuni.

Mtetemo, ule mtikiso wa haraka wa nyonga ambao watu hudhani ndio dansi nzima, hutoka magotini. Goti moja linanyooka jingine likikunjwa, kwa kupishana, kidogo kidogo. Anza kwa mwendo wa kutembea, ongeza kasi kwa hatua, na misuli ya makalio iwe laini. Ukijisikia umebana pumzi, simama. Hapa mchezaji wa ndombolo atang'ara mapema, kwa kuwa anaweza kudumu muda mrefu bila kuchoka. Jaribio lake ni tofauti: je, anaweza kutetema na wakati huo huo kutembea chumbani akiwa ameshika kikombe cha chai kilichojaa?

Sikio

Muziki wa Misri unaosikika sana darasani umejengwa juu ya mdundo uitwao maqsum. Hesabu nane sawa, ukipiga "dum" kwa kiganja kizima katikati ya meza na "tak" kwa vidole pembeni: dum, tak, kimya, tak, dum, kimya, tak, kimya. Nyonga hushuka kwenye dum. Kaa chini upige meza mpaka mkono usihitaji hesabu, ndipo usimame.

Mwingine unaitwa malfuf, nao utakuchekesha kwa jinsi utakavyoufahamu haraka. Ni hesabu ya tatu, tatu, mbili. Ukipiga kofi mwanzoni mwa kila fungu, utasikia ile nusu yenye makofi matatu ya klave, mdundo uliofika Kongo katika sahani za muziki wa Cuba kuanzia miaka ya 1930, na ambayo rumba yetu ilisimama juu yake. Wachezaji wa Kimisri hupenda malfuf wakati wa kuingia na kutoka jukwaani. Wewe uutumie kama mlango: sikio lako liko nyumbani hapo, basi anzia hapo.

Pagumu ni pale ngoma zinaponyamaza na fidla au udi ikabaki peke yake ikitangatanga bila mdundo. Hakuna dum ya kushukia. Nane ya polepole imetengenezwa kwa ajili ya saa hiyo, na taarab ni daraja zuri, kwa sababu unayaelewa maneno na unaweza kuhisi sentensi inapoishia. Mwendo wako uishie hapo hapo.

Chumba, saa na vazi

Usingoje ukumbi wenye vioo. Sebule iliyosogezwa viti inatosha, au veranda ya lupango ikiwa ina saruji laini. Sakafu ya vumbi huponza vifundo vya miguu. Simu iliyoegemezwa ukutani, ikikurekodi kwa dakika moja, itakuonyesha bega kuliko kioo chochote, maana kwenye kioo unajitazama usoni. Kama unajifunza kutoka kwa video, kumbuka kwamba mwalimu aliyekuelekea ana mkono wa kulia mahali ulipo wako wa kushoto. Tafuta anayekupa mgongo.

Pangeni saa za mchana. Beni imeishi na mauaji ya raia tangu Oktoba 2014, mkoa uliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa Mei 2021, na hakuna darasa linalostahili mtu arudi kwake gizani. Jumamosi baada ya soko, au Jumapili baada ya Misa, kundi la wanne au watano hukutana bila shida, na sauti ya bafle ikiwa ya chini haimsumbui mtu.

Vazi ni lile ulilo nalo: suruali laini au sketi inayoruhusu magoti kuonekana, fulana inayobana kiasi ili uone mbavu, na kikwembe. Miguu mitupu au soksi nyembamba. Ule mshipi wa sarafu unaouona kwenye filamu una kazi zaidi ya urembo: sauti yake inakuambia kama nyonga imeanguka pamoja na dum au imechelewa. Kongo hatuna sarafu za chuma mfukoni, pesa zetu ni noti tupu. Vizibo vya soda vitakufaa. Vigonge kwa nyundo mpaka vilale, toboa kwa msumari, kunja kingo kali zisikate, kisha uvishone kwa uzi mnene kwenye ukingo wa kikwembe, vikiwa viwili viwili ili vigongane.

Mwalimu, ukimpata, mpime kwa mambo matatu. Anapasha miili joto kabla ya kuanza? Anaweza kueleza mwendo unatoka kwenye goti au kwenye ubavu, au anasema tu "fanyeni kama mimi"? Na anasahihisha kwa mdomo kabla ya mkono? Hili la mwisho tulifundishwa kwa uchungu. Ebola ilipotangazwa Agosti 2018 na kudumu mpaka Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa mashariki ya Kongo, na miili yetu ilijifunza kusalimiana bila kugusana. Dansi hii huchezwa na mtu mmoja mmoja, kila mmoja mahali pake. Mwalimu mzuri haoni shida kufundisha kutoka umbali wa hatua tatu, na anayetaka kukushika nyonga huomba ruhusa kwanza.

Mwenye mimba, aliyejifungua karibuni, au mwenye maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni, amwone daktari kabla ya kujiunga. Maumivu ya misuli kesho yake ni ya kawaida. Maumivu makali ndani ya goti au ya mgongo wa chini ni amri ya kusimama.

Watu watasema nini

Watasema. Watasema ni dansi ya baa, ni dansi ya kuita wanaume, mama wa watoto hachezi vile. Jibu lisiwe la hasira, kwa sababu hofu yao ina historia. Kiuno cha mwanamke kimeuzwa kwenye video nyingi. Tena wazee wanakumbuka enzi za Mobutu, watu walipolazimishwa kucheza katika animasyo za chama kumsifu rais. Wengi walicheza kwa sababu kukataa kulikuwa na bei. Mtu aliyeona mwili ukichezeshwa kwa amri ana haki ya kuuliza nani anafaidika.

Basi ulizeni swali hilo darasani kwenu, mlijibu kwa namna mnavyofanya mambo. Milango ya chakacha na unyago ilifungwa ili wanawake wacheze na wanawake; nanyi mnaweza kuufunga wenu. Hakuna sheria ya kuonyesha tumbo. Hakuna anayerekodi bila idhini ya wote, wala video haiendi kwenye kundi la WhatsApp la kata. Na anayesema kwamba kiuno kinamwondolea mwanamke heshima, mkumbusheni kwamba Tshala Muana, malkia wa mutuashi, aliketi pia bungeni, katika bunge la mpito la wakati wa Laurent-Désiré Kabila.

Kuna jambo jingine, na lisemwe kwa uangalifu. Katika mkoa ambao miili ya wanawake imetumiwa kama uwanja wa vita, kucheza katika chumba salama si jambo dogo. City of Joy, kituo kilichofunguliwa Bukavu mwaka 2011 kwa ajili ya wanawake walionusurika ukatili, kimeiweka dansi katika maisha yake pamoja na masomo na ushauri. Darasa lenu la sebuleni halichukui nafasi ya daktari wala ya mshauri. Lakini mwenye mwili ndiye anayeamua kipi kisogee, kiasi gani na mpaka lini. Akitaka kukaa pembeni atazame tu, akae, na asiulizwe.

Kipimo

Utajuaje kwamba umetoka katika daraja la anayeanza? Usipime kwa kasi ya mtetemo, kwa kuwa hiyo huenda ulikuja nayo. Weka wimbo wa maqsum wa dakika tatu. Dakika ya kwanza shusha nyonga kwenye kila dum, bega likiwa limetulia. Ya pili, zitulize nyonga kabisa na usogeze kifua peke yake, kulia na kushoto. Ya tatu, rudisha nyonga, tembea. Kisha badilisha wimbo, weka seben unayoipenda, ukunje magoti, ucheze ndombolo kama ulivyocheza siku zote.

Utagundua kwamba ndombolo yenyewe imebadilika. Mabega yanacheza ukitaka yacheze, yanatulia katikati ya seben ukitaka kiuno kibaki peke yake, na watu wa arusini wataanza kukutazama bila kujua wanatazama nini. Hapo umemaliza sura hii. Sura ya Saba inahusu mikono, ambayo mpaka sasa tumeiomba tu isilete fujo.